Kunyamaza si kunyamaziana: Kiswahili cha matendo madogo katika filamu za mapenzi

MWALIMU mmoja anayesimamia chama cha drama katika shule moja ya upande wa Shimoni, kaunti ya Kwale, ameuliza swali linalostahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Aliwaonyesha wanafunzi wake filamu ya mapenzi, kisha akawataka waandike kwa Kiswahili ni wapi hasa mwigizaji aliwagusa. Karatasi zikarudi na majibu yale yale: "ameigiza vizuri sana", "ameonyesha hisia", "uigizaji wake ni wa hali ya juu". Alipowauliza kwa mdomo, wakamwonyesha kwa macho na mikono yao kile alichokifanya mwigizaji, hatua kwa hatua. Walikiona vizuri kabisa. Kilichowashinda ni kukisema. "Ustadhi," anauliza mwalimu, "Kiswahili chetu hakina maneno ya mambo haya madogo madogo, ama ni sisi tusioyajua?"

Jibu fupi ni kwamba maneno yapo, tena tele, na mahali pazuri pa kuyaokota ni hapo hapo Shimoni. Jibu refu lina sehemu mbili. Kwanza upo msamiati: vitenzi vya jicho, mdomo, bega na kidole. Pili ipo sarufi, yaani jinsi kitenzi cha Kiswahili kinavyojinyambua ili kuonyesha nani kamtenda nani na kama tendo lile lilirudishwa. Sehemu hii ya pili ndiyo tunayoisahau tunapozungumzia filamu, ilhali ndiyo chombo chetu kikali zaidi.

Jicho na vitenzi vyake

Shimoni, kama jina lenyewe linavyotuambia, ni shimo pamoja na kiambishi cha mahali -ni: mahali penye pango. Kijiji hiki kipo mwisho wa barabara inayochepuka kutoka barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga, kikitazamana na kisiwa cha Wasini ng'ambo ya mkondo wa bahari. Ni eneo la lahaja za Kichifundi na Kivumba. Simama gatini asubuhi mashua zinapoingia. Mchuuzi anayetaka samaki haanzi na bei. Anatupa jicho tu kwenye tenga. Mvuvi akibetua mdomo, mchuuzi ameshajua kwamba mali ile ina mwenyewe.

Mapenzi nayo yana adabu hiyo hiyo. Kijana anayempenda binti wa watu hawezi kumsimamisha njiani na kumtangazia mbele ya wazee waliokaa barazani. Ataiba jicho. Binti akishusha kope, hilo ni jambo moja. Akimkata jicho, hilo ni jambo jingine. Akisonya, basi bwana, habari imekwisha. Hakuna neno lililotamkwa, na kila mtu pale barazani ameelewa.

Hebu tuvitazame vitenzi hivi kwa karibu. Kutazama ni kuelekeza macho na kuyaacha pale. Kutupa jicho ni kutazama mara moja na kuondoa. Kuiba jicho ni kutupa jicho huku ukijificha usionekane. Kukonyeza ni kufumba na kufumbua jicho moja kwa makusudi ili mwenzako apate ujumbe. Kurembua ni kulegeza macho kwa madaha. Kupepesa ni kufunga na kufungua kope upesi upesi, mara nyingi kwa aibu au wasiwasi. Kukodoa ni kuyatoa macho yote, na hapa Kiswahili kimeongeza tanakali yake: macho kodo. Mwigizaji aliyeiba jicho na mwigizaji aliyekonyeza wamefanya vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Wa kwanza anaogopa kuonekana. Wa pili anataka aonekane na mtu mmoja tu.

Shuka sasa hadi mdomoni. Kutabasamu si kukenua, wala kukenua si kucheka. Kuguna ni jibu ambalo halijakubali kuwa neno. Kumeza mate kabla ya kujibu kunasema kwamba jibu lilikuwa jingine. Mtu anaweza kunywea, akajikunyata, akaduwaa, akatulia tuli. Mwanafunzi wa Kwale anavijua vitenzi hivi vyote kutoka nyumbani. Tatizo ni kwamba hajawahi kuambiwa kuwa ni msamiati wa uhakiki.

Wanaisimu, kwa upande wao, walikwisha kuona kwamba ishara zetu zina mpango. Mwaka wa 1985 Carol Eastman na Sheikh Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa, walichapisha katika jarida la SOAS, chuo cha London, makala kuhusu ishara za Waswahili. La kuvutia ni majina waliyoyatumia kuzigawa: vielezi na viingizi. Majina hayo ni ya sarufi. Kielezi hufuatana na kitenzi na kukifafanua; kiingizi husimama peke yake, kama mtu anavyosema "Ala!" pasi na kuhitaji sentensi. Mgawo huu unatufaa kwenye filamu. Ipo ishara inayosindikiza maneno ya mwigizaji, na ipo inayosimama mahali pa maneno yenyewe. Zile tunazozikumbuka miaka na miaka baada ya filamu kwisha ni za aina ya pili.

Mnyambuliko wa hisia

Tuje sasa kwenye sarufi. Kila aliyesoma Kiswahili shuleni amekariri kauli za kitenzi: gusa, gusia, gusana, guswa, gusika. Wengi walizikariri ili wapite mtihani, wakaziacha kwenye daftari. Lakini tukichukua matendo madogo ya filamu mashuhuri za mapenzi na kuyaeleza kwa kauli hizi, tunaona kitu ambacho "ameonyesha hisia" haiwezi kutuonyesha.

Mfano wa kwanza unatoka Uingereza, katika filamu Brief Encounter ya mwaka wa 1945 iliyoelekezwa na David Lean. Laura na Alec, kila mmoja na ndoa yake, wanakutana kwa mara ya mwisho katika mkahawa wa stesheni ya reli. Wamebakiwa na dakika chache za kuagana. Mara anaingia mwanamke mwenye maneno mengi, anayemfahamu Laura. Anaketi mezani pao na kuanza kupiga soga. Treni ya Alec inawasili. Hawezi kusema lolote. Anasimama, anaaga kwa adabu, na anapopita anamwekea Laura mkono begani, anaubana kidogo, kisha anatoka. Basi. Trevor Howard hakupewa neno hata moja la mapenzi pale, na Celia Johnson anayemwigiza Laura hawezi hata kuonyesha kwamba ameguswa.

Je, tuseme nini kwa Kiswahili? Tukisema "wameagana" tumekosea, kwa sababu -ana inataka pande mbili. Alichofanya Alec ni kumgusa. Laura ameguswa, basi. Hakupata nafasi ya kugusa. Uchungu wote wa tukio lile umo katika -ana iliyokosekana. Mwanafunzi akiandika, "Alec anamgusa Laura begani, lakini hawagusani," ameeleza katika sentensi moja kile ambacho watazamaji wengi huhisi pasi na kukijua.

Mfano wa pili ni Pride & Prejudice ya mwaka wa 2005, iliyoelekezwa na Joe Wright. Bwana Darcy, mtu wa majivuno, anamsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi kwa kumshika mkono. Elizabeth anaduwaa kidogo. Darcy anageuka na kwenda zake bila neno, na kamera inauonyesha mkono wake ukiwa umening'inia: vidole vinajinyoosha, vinatanuka, kisha vinalegea. Ni sekunde chache mno. Hata hivyo, watazamaji wameendelea kuzungumzia vidole vile vya Matthew Macfadyen kuliko hotuba ndefu za mapenzi zilizo katika filamu hiyo hiyo.

Hapa kiambishi kinachotufaa ni -ji-. Darcy hakunyoosha vidole, vidole vilijinyoosha. Kirejeshi hiki kinatuambia kwamba mkono umetenda pasi na kumwomba ruhusa mwenyewe. Moyo uliofichwa usoni umetokea kwenye kiganja. Ukimwambia mwigizaji mchanga "nyoosha vidole", atavinyoosha kama mtu anayefanya mazoezi ya mwili. Ukimwambia "acha vijinyooshe", ameshaelewa unachokitaka.

Filamu iliyopigwa Kenya

Tukirudi nyumbani, filamu ya mapenzi inayojulikana zaidi duniani miongoni mwa zile zilizopigwa katika ardhi ya Kenya ni Out of Africa ya mwaka wa 1985, iliyoelekezwa na Sydney Pollack na kutunukiwa tuzo 7 za Oscar. Inasimulia maisha ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, na mapenzi yake na mwindaji Denys Finch Hatton. Meryl Streep anamwigiza Karen. Robert Redford anamwigiza Denys.

Tendo la kwanza linatokea angani. Denys amempandisha Karen katika ndege yake ndogo. Karen ameketi mbele, Denys nyuma, na chini yao flamingo wametanda ziwani. Hawaonani nyuso. Karen anapeleka mkono nyuma bila kugeuka, na Denys anaupokea. Hii ndiyo -ana iliyokamilika: wanashikana. Angalia lakini jinsi inavyokamilika. Karen hakuuona mkono uliokuja kumpokea. Aliunyoosha wake akiwa na yakini kwamba utapokewa. Kitenzi chake kamili si "kushika" wala "kupapasa". Ni kukabidhi.

La pili ni mazikoni. Denys amekufa katika ajali ya ndege, na Karen amesimama kaburini akiwa na konzi ya udongo. Msomaji yeyote aliyewahi kusindikiza maiti anajua uzito wa udongo ule. Watu wanangoja autupe. Hautupi. Anageuka na kuondoka, udongo ungali mkononi. Kiswahili kinatupa njia tatu za kulisema tendo hili. "Hakuutupa" inafunga mlango: tendo halikufanyika, yamekwisha. "Alishindwa kuutupa" inaingiza udhaifu. Na ipo "hajautupa", yenye -ja-, inayoacha mlango wazi: bado anaweza kuutupa, ila si sasa, na pengine si kamwe. Streep ameigiza -ja-. Mwanamke yule hajakubali kwamba mtu wake amezikwa.

La tatu halina mapenzi ya wawili, lakini ndilo linalotupeleka kwenye kiini cha makala haya. Mwanzoni mwa filamu, Karen anawavalisha watumishi wake glavu nyeupe ili waandae meza kwa namna ya Ulaya. Mwishoni, shamba limefilisika, nyumba imebaki tupu, na Karen anamvua mtumishi wake Juma zile glavu kwa mikono yake mwenyewe. Kuvisha na kuvua: kitenzi kimoja, -vaa, kinafungua na kufunga miaka yote ya mwanamke yule nchini Kenya.

Msabu na sahibu

Kisha kuna Farah, msimamizi wa nyumba, Msomali, anayeigizwa na Malick Bowens, mwigizaji wa Mali. Farah ana maneno machache mno. Kazi yake yote inafanywa na shingo, kope na namna ya kusimama. Karibu na mwisho, stesheni ya reli, Karen anamwomba alitamke jina lake. Kwa miaka yote hiyo Farah hajawahi kumwita kwa jina. Analitamka jina la Karen, lakini hakomei hapo. Analifuatishia lile neno la heshima alilolizoea: Msabu.

Neno hili linastahili tulifungue. Msabu ni "memsahib" iliyozoeleka vinywani mwa watu wa Afrika Mashariki. Memsahib nayo ilitengenezwa Bara Hindi, kwa kuunganisha neno la Kiingereza la kumwita bibi na "sahib", yaani bwana. Na sahib asili yake ni Kiarabu, sāhib, lenye maana ya mwandani na pia mwenye kitu. Huko Bara Hindi ile maana ya mwenye kitu ndiyo iliyoshika, ikawa bwana mkubwa. Kwetu sisi pwani, neno hilo hilo liliingia kwa mlango mwingine na kuchukua maana ya kwanza: sahibu, rafiki wa karibu. Kwa hivyo ndani ya Msabu mna bwana na mna sahibu, mtawala na rafiki, na Farah anapolitamka pale stesheni baada ya jina la Karen, sikio la Mswahili linaweza kuyasikia yote mawili kwa pamoja. Nani atajua ni lipi alilolikusudia? Bowens anaigiza kana kwamba hataki tujue.

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Kimya cha Farah ni kizuri kukitazama. Lakini ni kimya cha aina gani? Karen na Denys wananyamaza kwa sababu wana maneno mengi na wameamua kutoyatumia. Farah ananyamaza kwa sababu mswada haukumpa maneno. Filamu imekosolewa mara nyingi kwa kuwafanya Waafrika wawe pambo la mandhari, na sarufi yetu inatuwezesha kuliweka kosa hilo mahali pake. Kunyamaza ni tendo la mtu mwenyewe. Kunyamaziana ni tendo la wawili wanaojuana, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Kunyamazishwa ni tendo ulilotendwa na mwingine. Zote tatu zikionekana kwenye skrini zinafanana: midomo imefungwa, macho yanasema. Mhakiki asiyezitofautisha atausifu utulivu wa mtu aliyezibwa mdomo.

Msomaji wa Shimoni hahitaji kuelezwa sana tofauti hii. Lile pango lililokipa kijiji jina linakumbukwa kama mahali walipozuiliwa watumwa kabla ya kusafirishwa. Kuna kimya cha heshima barazani, na kuna kimya cha pangoni.

Vuta n'kuvute

Je, zipo filamu ambamo Waswahili wenyewe wananyamaziana kwa hiari yao? Zipo. Tuchukue Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 2021 katika tamasha la filamu la Toronto. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka wa 1999, nayo inatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya ukoloni wa Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee asiyemtaka, anaitoroka ndoa hiyo na kukutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin. Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge.

Anzia kwenye jina. Vuta, nami n'kuvute. Ni kama -ana iliyopasuliwa vipande viwili: badala ya "tuvutane", kila mmoja ametajwa peke yake na kitenzi chake. Kuna wewe, kuna mimi, na kamba iko katikati. Kamba hiyo ni mapenzi, na wakati huo huo ni siasa.

Riwaya inaweza kutuambia anachokiwaza Yasmin. Filamu haina njia hiyo. Ni lazima uso wa mwigizaji ubebe yale ambayo Adam Shafi aliyaandika kwa aya. Na kimya chao kina sababu iliyo wazi kwa mtazamaji: msichana wa Kihindi na kijana Mwafrika, katika mji wa vichochoro ambako kila dirisha lina jicho, hawawezi kupendana kwa sauti. Tena Denge anatafutwa na serikali. Kutazamana kwao ni hatari, na kwa sababu ni hatari kuna thamani. Huku ndiko kunyamaziana: wana la kusema, wana lugha ya kulisemea, na wamechagua wakati.

Mhusika wa tatu, Mwajuma, rafiki wa Yasmin, ameigizwa na Siti Amina, ambaye nje ya filamu ni mwimbaji wa taarabu. Uteuzi huo una mantiki yake. Taarabu ni shule kongwe ya matendo madogo. Mwanamke anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji hainuki ovyo. Anangoja ubeti uliomlenga yeye au hasimu wake, anatembea taratibu, noti mkononi, anatupa jicho upande anaoujua yeye. Vaa juu yake kanga yenye jina lake, na ujumbe umefika bila mtu kufungua kinywa. Watu waliolelewa katika utamaduni huo hawana haja ya kufundishwa na London wala Hollywood kwamba mapenzi makubwa husemwa kwa tendo dogo.

Maneno yanapofurika

Mbona basi tamthilia nyingi za runinga zetu zinasema kila kitu? Lazima tukubali kwanza kwamba tamthilia za Kiswahili kama Maria na Zora, zilizopeperushwa na Citizen, zimekifanyia Kiswahili kazi kubwa sebuleni mwa Wakenya. Lakini utanzu huu kwa jumla una ugonjwa wa kufurika. Mhusika akihuzunika anatuambia amehuzunika. Akipenda anasema anapenda, kisha muziki unakuja kutuambia tena, kisha rafiki yake anakuja kumwuliza kama anapenda. Mtazamaji hana kazi iliyobaki.

Jambo kama hilo hutokea kwenye vibanda vya video, ambako filamu za kigeni hutazamwa zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake. Tanzania ilimjua Lufufu. Kenya inamjua DJ Afro. Hii ni sanaa ya kweli, na mimi si miongoni mwa wanaoidharau. Msimulizi mzuri huifanya filamu ya Bombay iwe ya Msambweni. Ila sanaa hiyo inapenda filamu za mbio na mapigano, na sababu yake si siri: msimulizi analipwa kwa kusema. Akifika kwenye mkono uliowekwa begani atafanya nini? Akisema, "Sasa hapa jamaa anamwambia, mimi nakwenda lakini nakupenda," ameleta maana na ameua tendo. Angeweza kusema kidogo tu, kwa mfano, "Muone huyo mkono," kisha anyamaze. Watazamaji wangeuona.

Kwa hivyo mwalimu wa Shimoni hana tatizo la darasa lake peke yake. Kila mwaka shule zetu hushindana katika tamasha la kitaifa la drama na filamu, na vijana wa Kwale wanaandika miswada, wanaelekeza na kuigiza. Lugha wanayoelekezwa kwayo ndiyo itakayoamua watakachokifanya mbele ya kamera. Mwalimu anaposema "onyesha hisia", mwanafunzi anakunja uso na kupaza sauti, kwa sababu neno "onyesha" lenyewe limemwamuru kufanya maonyesho. Hebu ajaribu kuandika maelekezo kwa kauli na nyakati za Kiswahili, kama hivi.

"Anamtazama, hatazamwi." Hapo mwigizaji anajua kwamba ana nafasi ya kutazama kwa uhuru, kwa kuwa mwenzake hajui. "Wanatazamana." Uhuru huo umekwisha. "Angemshika." Hili ndilo gumu na ndilo tamu: -nge- inamtaka mwigizaji aanzishe tendo rohoni na kulizuia kwenye mkono. "Hajajibu." Asijibu, lakini tuone kwamba jibu lipo njiani. "Anajichekea." Tabasamu hili ni lake mwenyewe, hamgawii mtu. "Anaguswa bila kugusa." Huyo ni Laura wa stesheni.

Maelekezo haya ni ya neno moja hadi matatu. Hakuna hata moja lililohitaji kukopwa kutoka lugha nyingine, na sidhani kama Kiingereza kingeyabana kwa ufupi huo. "Angemshika" ina mtu anayetenda, anayetendwa, sharti lisilotimia na kitenzi, vyote katika neno moja. Mwigizaji anaweza kulibeba kichwani hadi mbele ya kamera.

Zoezi analoweza kulianza mwalimu kesho ni rahisi. Awaonyeshe wanafunzi tukio la dakika mbili, sauti ikiwa imezimwa. Kila mmoja aandike vitenzi tu, bila vivumishi: si "kwa huzuni", si "vizuri sana". Kila kitenzi kiwe na mtenda na mtendwa wake. Wakimaliza, wajiulize swali moja juu ya kila kimya walichokiona: huyu amenyamaza, wamenyamaziana, ama amenyamazishwa? Wakitofautiana, wabishane. Mabishano hayo yatakuwa ya uhakiki, na yatakuwa kwa Kiswahili walichokikuta nyumbani kabla hawajaingia darasani.